Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: muhuri wa mtendaji haumpi mtu mtoto

Kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi. Wakurugenzi wa halmashauri zote 15. Mahakama Kuu Mtwara na mahakimu wa Mahakama za Watoto. Maafisa ustawi wa jamii. Na wakuu wa madawati ya jinsia na watoto ya Polisi.

Waheshimiwa,

Karatasi yenyewe huwa imechanwa kwenye daftari la mwanafunzi. Juu imeandikwa "Makubaliano ya kukabidhi mtoto". Chini yake mistari 6 au 7: mimi fulani, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa, nimempa fulani mwanangu amlee moja kwa moja, sitamdai. Dole gumba la mama, sahihi ya mlezi, majina ya mashahidi 2, na katikati muhuri wa ofisi ya kijiji uliogongwa mara 2 kwa kuwa wa kwanza haukukolea wino. Inakunjwa mara 4, inatiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, inakaa sandukuni miaka 5, 8, hata 11. Siku mzazi akirudi kumdai mwanawe, ndiyo inayotolewa. Na siku hiyo ndipo mlezi anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba karatasi yake haikumpa mtoto.

Sisi tunaoandika ni wasaidizi wa kisheria na maafisa ustawi wastaafu wa mikoa hii miwili. Tunaleta jambo moja. Kesi nyingi zinazoitwa za mzazi aliyezaa na mzazi aliyeasili, yaani aliyefanywa mzazi kwa amri ya mahakama, ukizifungua hukuti mzazi aliyeasili ndani yake. Unakuta mlezi mwenye karatasi na mzazi mwenye cheti cha kuzaliwa, kila mmoja akiamini chake ndicho kinachomaliza maneno, na mtoto wa darasa la tatu amekaa kwenye benchi la ofisi ya kata akisikiliza anavyogombewa. Hapo pana uzembe wa kiofisi kuliko uovu wa mtu, na ofisi zenu zinaweza kuuondoa bila kusubiri sheria mpya.

Kinachochanganywa ni mambo manne tofauti. Mtendaji asiyeyatofautisha hawezi kumsaidia mwananchi hata akiwa na nia njema kiasi gani.

La kwanza ni malezi ya kawaida ya ukoo: bibi wa Newala anakaa na mjukuu kwa sababu mama yuko Dar es Salaam anauza chakula. Hapo hakuna kilichohama kisheria. Mzazi amebaki mzazi. La pili ni malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto wa wengine kwa kibali bila kuwa mzazi wake. Haya yana kibali cha Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na maombi yake yanapita kwa Afisa Ustawi wa halmashauri, anayeikagua nyumba na kuendelea kuifuatilia. Hapa pia mzazi hajafutwa. La tatu ni amri ya malezi inayotolewa na mahakama. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamruhusu mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto kuiomba. Wengi wanalisahau neno "ndugu" hapo. Shangazi, mama mdogo au bibi aliyelea hana sababu ya kungoja ashitakiwe. Anaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Watoto na kuomba. Jirani au mwajiri asiye na undugu wala kibali ana kazi kubwa zaidi ya kueleza anaingilia mlango upi, ndiyo maana yeye ndiye anayepaswa kushughulikia kibali cha kambo mapema kuliko wote.

La nne ndilo kuasili. Kwa mtoto asiye wa ukoo wako, amri hii inatoka Mahakama Kuu, haitoki kijijini wala kwenye kata. Mwombaji asiye ndugu awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Wazazi waridhie kwa hiari yao. Mahakama inaivuka ridhaa hiyo kwa sababu nzito tu, mfano mzazi amemtelekeza mtoto au amekuwa akimtesa, hajulikani alipo, hana uwezo wa kuridhia, au anakataa bila sababu ya msingi. Afisa Ustawi achunguze na kuwasilisha taarifa. Amri ikishatoka, haki na wajibu wa mzazi aliyezaa vinakatika, mtoto anahesabika wa waliomwasili kana kwamba wamemzaa, na Msajili Mkuu wa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, anamwingiza kwenye Daftari la Watoto wa Kuasiliwa. Mzazi akirudi baada ya hapo, anamkuta mtoto ambaye kisheria ana wazazi wengine. Hiyo ndiyo nguvu ambayo watu wa vijijini wanadhani wameipata kwa dole gumba.

Sasa angalieni kwa nini karatasi ile ina madhara kuliko kutokuwa na karatasi kabisa. Bila karatasi, mlezi anajua hana kitu, na akipata wasiwasi atauliza. Akiwa na muhuri wa Serikali mkononi haulizi tena. Miaka ambayo mzazi anapatikana, ana simu inayoita, na angeridhia mbele ya Afisa Ustawi bila ugomvi, inapita bure. Halafu karatasi nyingine zina mstari wa "nimepokea shilingi kadhaa kama shukrani". Mtendaji anayegonga muhuri juu ya mstari huo hajui ameshuhudia nini. Sheria ya Mtoto hairuhusu watu kulipana wao kwa wao ili mtoto aasiliwe, na mwendesha mashtaka aliye macho anaweza kuisoma karatasi hiyo pamoja na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Pengine zilikuwa fedha za nauli na uji. Kwenye maandishi zinasomeka kama bei.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, na kama mtatekeleza moja tu litekelezeni hili: wakurugenzi watoe waraka kwa watendaji wa vijiji, mitaa na kata, wasigonge muhuri kwenye karatasi yoyote ya kupeana mtoto. Mahali pake iwekwe fomu ya taarifa ya ukurasa mmoja, nakala 3: moja ya mlezi, moja ya mzazi, moja iende kwa Afisa Ustawi ndani ya siku 7. Iandikwe jina la mtoto kama lilivyo kwenye kadi ya kliniki au cheti. Tarehe na mahali alipozaliwa. Majina ya wazazi wote wawili na namba za NIDA kama wanazo. Mzazi anakwenda wapi na anapatikanaje. Mlezi ni nani kwake. Kwa nini mtoto anahamia pale. Na mtoto anategemewa kukaa hadi lini. Mwishoni, kwa herufi kubwa: FOMU HII NI TAARIFA TU. HAIHAMISHI HAKI YA MZAZI. Ule mstari wa "hadi lini" msiuache wazi hata kidogo. Uandikwe mwezi na mwaka, hata kama baadaye utasogezwa. Mizozo mingi tuliyoishika ilianzia kwenye nafasi hiyo iliyoachwa tupu, mama akisema alimwacha mtoto "mpaka nikae sawa" na mlezi akisema alipewa "jumla".

Mizozo hii ina misimu yake huku Kusini, na anayeijua misimu anaweza kujiandaa. Unaanza mnada wa korosho, Oktoba hivi, fedha zinaanza kuingia kwenye akaunti kupitia vyama vya msingi. Baba aliyekuwa haonekani anaonekana, amevaa vizuri, anataka mwanawe. Wakati mwingine anamtaka kweli. Wakati mwingine kuna mwenzake amemwambia mtoto wa miaka 10 anaweza kuokota korosho msimu mzima. Msimu wa pili ni likizo za Juni na Desemba, kwa ajili ya jando na unyago. Huu unastahili kuelezwa zaidi, maana maafisa wanaotoka mikoa mingine huwa hawauoni.

Mtoto wa kike anaombwa kwa wiki 3 akachezwe, yaani apitishwe unyago, kwao. Mlezi anaogopa hatarudishwa, anakataa. Kwa upande wa ukoo, kukataa huko si suala la ratiba tena. Ni kuambiwa kwamba mtoto si wao. Mjomba aliyepuuzwa ndiye anayekuja na bodaboda usiku. Na upande wa pili mlezi hana kosa kuogopa, kwani wapo waliokwenda kuchezwa na wakaishia kuozwa. Dawa yake ni ndogo: barua ya ruhusa yenye tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi iliyo siku 3 kabla shule hazijafunguliwa, jina la kijiji, jina la somo (kungwi wake) au mtu atakayekuwa na mtoto, na sahihi ya mjomba. Nakala kwa mwalimu mkuu. Mjomba aliyeweka sahihi hujiona ameheshimiwa, na ndiye atakayemrudisha.

Tukiwa hapo kwa mjomba, tuseme neno kwa mahakimu. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Tamko la Sheria za Mila la 1963, ambalo wakili kutoka nje huwa analifungua haraka, liliandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Kulitumia Tandahimba ni kumvisha mtu kanzu isiyo yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inaitaka mahakama iangalie pia mila za jamii ya wahusika, lakini inaanza na ustawi wa mtoto, na inataja waziwazi ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kwa hiyo mjomba asikilizwe, aitwe mapema, apewe kiti kwenye usuluhishi. Kura ya turufu hana.

Viongozi wa dini nao wana sehemu. Waislamu wengi wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, wanalikwepa neno "kuasili" kwa sababu wanajua dini hairuhusu kubadili nasaba ya mtoto. Wakilikwepa neno, wanakwepa na ofisi, wanabaki bila chochote. Waambiwe kwamba kibali cha kambo na amri ya malezi havibadili nasaba: mtoto anabaki na ubini wa baba yake, mlezi anapata mamlaka ya kumlea, na akitaka kumwachia kitu anaweza kuandika wasia ndani ya ile theluthi ya mali ambayo dini inaruhusu kuusia. Masheikh wakilisema hilo msikitini litafika mbali kuliko semina yetu yoyote.

Kosa jingine linafanyika kwenye usajili wa vizazi, na hili lina harufu ya jinai. Mlezi anaona njia ya mkato: badala ya kwenda mahakamani, anajiandikisha kwamba yeye ndiye mama mzazi. Siku hizi watoto walio chini ya miaka 5 wanasajiliwa karibu, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, jambo jema sana, ila ukaribu huo umefungua na mwanya. Karani anapaswa kuomba kadi ya kliniki na kulinganisha jina la mama na la anayesimama mbele yake. Kadi ndiyo inayoumbua: imejazwa kwa peni ya muuguzi, ina tarehe za chanjo, ina jina la aliyejifungua. Tumeona kadi ambazo jina la mama limekwanguliwa kwa wembe hadi karatasi ikatoboka. Cheti kilichopatikana hivyo ni bomu lililotegwa chini ya mtoto, maana mzozo ukizuka mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, sampuli zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yakija mlezi mwema wa miaka 9 anageuka mtu aliyedanganya msajili. Kesi aliyokuwa na uwezekano wa kushinda kwa sababu ya malezi yake, anaipoteza kwa sababu ya cheti.

(Kipimo hicho, tukumbushe, mtu haendi kukinunua dirishani kama cha malaria. Ombi linapita kwa mamlaka husika: mahakama, Ustawi, Polisi au wakili. Wanaotoza watu fedha mitaani kwa ahadi ya "DNA ya haraka" wakamatwe.)

Sasa siku yenyewe ya mvutano. Mzazi anafika na cheti cha kuzaliwa, anakwenda Polisi, anasema mwanangu ameibiwa. Askari mgeni anaangalia cheti, anakiona halali, anatoa gari. Ndani ya nusu saa mtoto wa miaka 6 anapakizwa na mtu ambaye kwake ni mgeni, anasafiri usiku na yunifomu ya shule mwilini. Kwenye kitabu cha matukio inaandikwa "mtoto amekabidhiwa kwa mzazi wake halali". Wiki 2 baadaye mtoto ametoroka, au amerudi kukojoa kitandani, au hasemi, na kesi iliyodhaniwa imekwisha ndiyo kwanza inaanza.

Cheti kinathibitisha nani alizaa. Swali la nani alee linajibiwa na kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto, na humo mna mizani kadhaa kwa pamoja: maslahi ya mtoto kwanza, umri na jinsi yake, kwamba ni vyema mtoto awe na wazazi wake isipokuwa haki zake zinavunjwa na wazazi hao mfululizo, maoni ya mtoto yaliyotolewa kwa uhuru, kutowatenganisha ndugu wa tumbo moja, na kutokatishwa kwa malezi aliyoyazoea. Askari wa zamu hawezi kupima yote hayo kaunta, wala hatakiwi. Tunaomba dawati la jinsia na watoto liwe na utaratibu ulioandikwa: kama mtoto hayuko hatarini leo, yaani hapigwi, hanajisiwi, hanyimwi chakula au matibabu, na hakuna dalili kwamba aliibwa au anataka kusafirishwa, abaki alipo, pande zote mbili zitoe taarifa, Afisa Ustawi apigiwe simu siku hiyo hiyo, wahusika waelekezwe Mahakama ya Watoto. Kama yuko hatarini, asikabidhiwe kwa upande wa pili unaogombana. Aende kwa familia ya kuaminika iliyokwisha kukaguliwa wakati uchunguzi unaendelea. Mlezi naye asijidanganye. Akimficha mtoto kwa ndugu Nanyumbu au akamvusha mto Ruvuma, amelivunja jambo lake kwa mikono yake, kwa sababu hakimu atauliza: mtu anayemtakia mema mtoto anamfichia nini mahakama?

Kwa mahakimu, ombi ni amri za muda. Maombi yakifunguliwa, itolewe amri fupi kwamba hali ibaki ilivyo, mtoto aendelee na shule ile ile, na mzazi apewe siku na saa za kumwona, hadi taarifa ya Ustawi ifike ndani ya siku 21. Tunazitaja 21 makusudi. Siku 14 zinatosha kwa mtu wa Mtwara mjini. Kwa Liwale wakati wa masika hazitoshi. Na mkumbuke kalenda ya shule: mtoto wa darasa la saba aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa Septemba akihamishwa mwezi Julai anapata tabu ya kituo cha mtihani, juu ya tabu nyingine zote.

Taarifa ya uchunguzi wa kijamii ndiyo inayoamua nusu ya kesi hizi, na ndiyo tunayoiona ikiandikwa vibaya kuliko nyaraka zote. Ubaya wenyewe unafanana: ziara moja iliyotangazwa, nyumba imefagiliwa, mtoto amevishwa nguo ya Idi, anaulizwa mbele ya mlezi "unampenda nani?" Halafu aya za jumla ambazo ukibadili majina zinafaa kwa mtoto yeyote.

Taarifa inayofaa inataka ziara 3. Moja ya kutangaza kwa kila upande, na moja ya kushtukiza kwa anayekaa na mtoto, ikiwezekana saa 12 jioni, muda wa chakula. Afisa aone mtoto analala wapi na nani: kitanda, mkeka, chandarua, mlango unafungwaje. Aende shule afungue daftari la mahudhurio, ahesabu siku za utoro kwa mwezi, aulize mwalimu nani huja kwenye kikao cha wazazi. Aangalie kadi ya kliniki kama chanjo zimekamilika. Aulize majirani 2 wa kila upande wasiochaguliwa na mhusika. Kwa mzazi aliyerudi, ahoji mambo mahususi: alituma nini na lini, miamala ya simu inaonyesha nini, alikuja mara ngapi, alizuiwa na nani. Wapo kinamama waliotuma matumizi kila mwezi na mlezi akamwambia mtoto kwamba mama yake alikufa. Wapo pia wasiopiga simu hata ya Idi kwa miaka 7. Taarifa isiyotenganisha hawa wawili haina kazi.

Na mtoto ahojiwe peke yake, mahali anapopajua, chini ya mwembe wa shuleni kuliko ofisini. Asiulizwe achague. Aulizwe: ukiumwa usiku unamwamsha nani? Jana ulikula nini, nani alipika? Yupi akija unafurahi, yupi akija unajificha? Ukienda kwa mama utakikosa nini hapa? Yaandikwe maneno yake kama alivyoyasema, siyo tafsiri ya afisa. Mtoto anayesema "nataka kukaa na mama kwa sababu mlezi wangu hakuzingatia mahitaji yangu ya msingi" amefundishwa na mtu mzima, na hakimu atalijua hilo kabla ya kufika mwisho wa sentensi.

Yote haya yanataka mafuta. Afisa Ustawi asiye na pikipiki wala lita 5 za petroli anafanya nini? Anaombwa "ajiongeze", naye anamwomba mhusika nauli. Anayelipa nauli ndiye anayetembelewa, na upande wa pili hautaiamini taarifa hata ikiwa ya haki. Wakurugenzi, tengeni fungu la ziara za uchunguzi kwa kila halmashauri, dogo tu lakini liwe na jina lake, lisimezwe na safari za vikao. Hesabuni hivi: ziara 3 kwa kesi, wastani wa kilomita mnazozijua wenyewe kwa kata zenu, mara idadi ya kesi zilizofunguliwa mwaka jana katika Mahakama ya Watoto ya wilaya yenu. Hesabu hiyo inaingia kwenye karatasi moja.

Umbali ndio unaoua maombi ya kuasili yenyewe. Anayetoka Liwale kwenda Mahakama Kuu Mtwara anapita Nachingwea na Masasi, zaidi ya kilomita 300, analala njiani au anafika usiku, na shauri likiahirishwa anarudi kuanza upya. Akifanya hivyo mara 3 anaachana nalo, anarudi kwenye karatasi ya daftari. Tunaiomba Mahakama Kuu ipange vikao vya kuasili Lindi, Nachingwea na Kilwa angalau mara 2 kwa mwaka, mashauri yakusanywe pamoja, Afisa Ustawi wa wilaya afike na mafaili yake yote siku hiyo. Na Ustawi uwe unatayarisha faili kabla: vyeti, ridhaa za wazazi, taarifa ya uchunguzi, vielelezo vya kambo. Shauri lililoahirishwa kwa kukosa kiambatisho kimoja ni kosa la mezani, halina uhusiano na barabara.

Kuna deni la malezi, ambalo watu wanaona aibu kulitaja. Mlezi anasema: mchukueni, lakini nilipeni miaka 8 ya ugali, daftari na dawa. Mtoto hawekwi rehani, na mtendaji asikubali kikao cha kukadiria "gharama za kumkomboa". Hata hivyo dai la matunzo dhidi ya mzazi aliyekuwa na uwezo na hakutoa lina mahali pake mahakamani, peke yake. Vikitenganishwa vitu hivi viwili, hasira inashuka karibu nusu, kwa sababu mara nyingi mlezi hataki fedha. Anataka mtu aseme mbele za watu kwamba alilea.

Na pale mahakama ikiamua mtoto arudi kwa aliyemzaa, asikabidhiwe siku ya hukumu mlangoni mwa mahakama. Sisi tunapendekeza wiki 8 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 8. Wiki 2 za kwanza mzazi amtembelee pale pale anapolelewa, kwa muda wa saa 2, mara 2 kwa wiki, mlezi akiwepo lakini chumba kingine. Wiki ya 3 na ya 4 atoke naye mchana, arudi kabla ya magharibi. Wiki ya 5 na ya 6 alale usiku mmoja, kisha miwili, na mto wake, kanga yake au chochote anacholalia kiende naye. Wiki ya 7 akae siku 5. Ya 8 ahamie, mlezi mwenyewe ampeleke, asichukuliwe. Mtoto akikataa kula au akianza kujikojolea, rudini hatua moja nyuma. Hiyo si kushindwa kwa mzazi. Mwezi wa kwanza baada ya hapo mlezi apige simu kwa siku zilizopangwa, na kifungu cha 38 cha Sheria ya Mtoto kinamruhusu ndugu aliyekuwa akimlea mtoto kuomba kumtembelea. Mahakimu wakumbuke kuiandika haki hiyo kwenye amri ile ile, siyo kumwacha bibi aje kufungua shauri jingine.

Wasaidizi wa kisheria wapo wilayani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hawaruhusiwi kutoza. Majina yao na simu zao zibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji, pembeni ya tangazo la korosho, maana hilo ndilo watu wanalolisoma.

Waraka kwa watendaji na ile fomu ya ukurasa mmoja vinaweza kutoka kabla ya likizo ya Desemba, korosho zikiwa bado ghalani na wali, wasichana wa unyago, hawajaanza kuchezwa. Rasimu ya fomu tunayo. Ofisi yoyote ya mkurugenzi itakayoitaka, wasaidizi wa kisheria wa wilaya yake wataileta kwa mkono.

Wasaidizi wa kisheria na maafisa ustawi wa jamii wastaafu,
Mtwara na Lindi